Kipande Kisicho na Saini

Kidole cha Evelina kilikuwa kimeshagusa kitufe cha kutia saini alipokiondoa ghafla, kama aliyegusa sufuria ya moto.

Programu ilikuwa yake. Ingewaonyesha wauguzi wa zahanati za milimani kipimo cha dawa ya mtoto kulingana na uzito wake, na saini yake ya kidijitali ingewahakikishia kwamba ni salama. Lakini hesabu yenyewe ilifanywa na kipande cha msimbo alichokipakua mtandaoni, kazi ya mtu asiyemjua, kisicho na saini ya yeyote. Asubuhi hiyo kilikuwa kimejisasisha chenyewe.

Akajaribu mtoto wa kilo nane. Jibu alilijua: miligramu mia moja na ishirini.

Kompyuta ikaandika elfu moja na mia mbili.

Aliihesabu ile sifuri ya ziada kwa ncha ya kidole, mara mbili, mara tatu. Akampigia muuguzi wa Malindi, kijiji cha milima ya Lushoto, aliyekuwa akiisubiri programu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tayari?"

"Bado. Leo sisaini. Humu ndani mna kitu kinakosea, na kosa lingetoka kwa jina langu."

"Kuna mtoto aliyekwisha kupewa dawa?"

"Hakuna hata mmoja."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Basi Bwana asifiwe. Chati yetu ya vipimo ukutani bado ipo."

Evelina akacheka huku machozi yakimlengalenga. Akakifuta kile kipande, akavuta daftari, akaanza kuiandika hesabu mwenyewe.