Kikohozi Nje ya Boma

Lori la chumvi lililomchukua mkewe kwenda Tunduma lilikuwa limeshapotelea vumbini, lakini Mayala alibaki mlangoni ameshika kata ya maziwa aliyoachiwa. Utando ulikuwa umeganda juu, na nzi alikuwa amenasa humo, akihangaika.

Hakuwa amempiga mkewe. Hakumwuliza kitu. Alimwambia tu, "Rudi kwenu," naye mwanamke akalia hadi sauti ikakauka.

Maneno yalitoka kwa rafiki yake wa machungani, aliyewahi kumposa mwanamke huyo akakataliwa. "Yule mchimba chumvi akija, mkeo hujifunika uso, akakimbilia nyuma ya zizi. Asiye na jambo anakimbia nini, ndugu yangu?"

Mayala alivizia, akaona kwa macho yake.

Sasa mchimba chumvi huyohuyo alisimama mbali, nje ya boma, akakohoa. Ndiye aliyekubali kusimama kama baba siku ya posa, maana Mayala, mfugaji wa kuja, hakuwa na ndugu huku Momba.

"Mwanangu," aliita, uso ameugeuzia porini, "mwambie mkwe wangu ajifiche kwanza, nipite. Huku kwetu mkwe hatazamani na baba wa mumewe."

Mayala aliinama, akaiweka kata ya maziwa chini.

Mzee akakohoa tena, akaendelea kungoja kwa adabu, mgongo ameipa nyumba isiyo na wa kujificha.