Bwana Kesho

Mkate uliokwa dukani chini ya dirisha lao. Harufu yake ilipanda hadi kitandani. Basi kwa nini mume akienda kuununua alikawia kama ameufuata shambani kwenye ngano?

Mkewe, fundi cherehani, alilala akiitazama dari ya hoteli na kulisokota swali hilo. Lilikuwa halipiti tundu la sindano.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mtaani kwao walimwita Bwana Kesho. Akila cha mchana, anauliza cha usiku. Akiwa harusini, anawaza foleni ya mpakani. Sasa amestaafu, watoto wao wamewalipia safari ya kuona nchi za watu, na mtu yule yule amegeuka mtu mwingine. Amezima simu. Anakula taratibu. Jana walisimama darajani kutazama bata, na mke alipotoa simu apige picha, mume aliushusha mkono wake.

"Picha za nini, mama watoto? Tazama kwa macho."

"Na watoto nitawaonyesha nini?"

"Watoto wana macho yao. Hebu niambie, yule bata wa nyuma ana rangi gani shingoni?"

"Baba watoto, tangu lini wewe ukauliza shingo ya bata? Wewe tunakujua kwa bei ya dizeli."

"Ya kesho tumwachie kesho. Tazama kwanza."

Mwanamume habadiliki bure. Hilo fundi alilijua vizuri, maana mwanamke akisimama kupimwa nguo husema na yasiyoulizwa. Wateja wake wengi walimsimulia jinsi mume alivyoanza kuwa mpole, kisha wakarudi kushonewa nguo za kwenda kwa wazazi wao.

Mambo yaligeuka siku ya miwani. Miwani yake ya kushonea ilikuwa imechoka, wakapitia hospitali ya mji ule. Mwanamke mmoja mwenye koti la kijani, mrembo wa kutosha, alimpima macho, kisha akageuka kuzungumza na mume kwa lugha ya huko. Mume aliiokota lugha hiyo mipakani. Mke hakujua hata salamu yake. Walizungumza, wakazungumza. Mwisho yule wa koti la kijani akaweka mkono begani kwa mume wa mtu, na mume wa mtu akatazama sakafu.

"Anasemaje?" mke aliuliza.

"Anasema miwani mipya itakufaa."

"Maneno yote yale ni miwani tu?"

"Lugha yao ndefu."

Mke alikuwa fundi, kitambaa kilichokatwa kifupi alikijua hata kikikunjwa.

Tangu siku hiyo mume alimshika mkono barabarani, jambo ambalo hakulifanya hata walipokuwa wachumba, na sikuzote alitaka kutembea kushoto kwake. Baiskeli za mji ule zilikuwa na uhuni wa kuchomoza ubavuni kama zimeota kwenye lami, naye alimvuta kando kabla hajaziona. Viti vya chumbani vilipangwa na mtu asiye na akili, hata magoti ya mke yakajaa alama. Mume alivisogeza ukutani bila neno. Juzi jioni alimpokonya sindano akaitunga uzi yeye, mtu ambaye zamani hakutofautisha sindano na msumari.

"Umekula nini?" mke alimuuliza.

"Nimekula chumvi nyingi. Shona."

Mwenye kosa ana mikono laini, mke aliwaza, akashona.

Na leo asubuhi mtandio wake wa zambarau haukuwa kitini. Aliushona pindo kwa mkono wake mwenyewe. Alitafuta kitandani, bafuni, sandukuni. Haupo, na mume hayupo.

Basi akaichukua pasipoti yake, akaitia mkobani. Kama kuna mwanamke, atarudi nyumbani peke yake leo leo, na atakapofika atabadilisha kitasa. Kuzeeka na mtu si sababu ya kuzeeka na aibu.

Akashuka hadi barabarani, akamwona mumewe kule mbele, akilipita duka la mkate bila hata kugeuza shingo. Akamfuata akiwa ameshika ukuta, maana vijiwe vya njia ile vilikuwa na ugomvi na miguu yake. Mume alikata kona, akaingia kwenye geti ambalo fundi alilifahamu. Hospitali.

Fundi akajibanza kwenye nguzo ya geti.

Uani walikuwa wawili, mumewe na koti la kijani, wamelipa geti mgongo. Walitembea mkono kwa mkono, polepole, kama watu wasio na wenyewe. Mwanamke alimwegemea kwenye kiwiko. Alicheka.

"Taratibu, mama watoto," mumewe alimwambia.

Jina lake fundi. Jina alilopewa siku alipojifungua mtoto wa kwanza, na mume hakumwita jingine tena tangu siku ile. Mtandio ametoa, na jina ametoa. Alitia mkono mkobani, akaigusa pasipoti, kisha akatoka nyuma ya nguzo. Ataondoka, ndiyo, lakini si kabla ya kusema neno litakalobaki na mwanamume yule mpaka kaburini.

Alikuwa ameshafumbua mdomo walipogeuka.

Mwanamke yule alikuwa amefungwa mtandio wa zambarau machoni, na mkono wake wa kulia ulishika fimbo nyeupe iliyokuwa ikigonga mawe ya ua.

"Mbele kuna ngazi, mama watoto," mumewe alisema, akilipima kila neno kama anayekariri dua. "Inua mguu. Usiogope, nipo hapa kushoto kwako."