Klipu ya Mpira wa Turbo

Bi Mwatumu alilirudisha gari kwa fundi Mbaruku mbele ya gereji nzima.

"Tangu uifungie turbo, hii pampu ya kusukuma upepo kwenye injini, vali mpya ya kutolea upepo, gari linapiga chafya kwa madaha, lakini mlimani halivuti."

"Vali haina kosa, mama. Kosa ni mguu wako. Unakanyaga mafuta kama unaua mende!"

Mafundi wakaangua kicheko. Bi Mwatumu akainamisha kichwa. "Basi nisamehe, fundi. Nielekeze."

Mbaruku akafungua boneti. Chini ya vali, klipu ya kubana mpira wa upepo ilining'inia. Hakuwa ameikaza, na upepo wote ulivujia hapo. Akaifunika kwa kiganja.

"Umeona nini?" aliuliza Bi Mwatumu.

Wenzake walisogea, bado wanacheka. Mpira ulikuwa wa moto. Kiganja kilianza kuungua, wala hakukiondoa.