Waya wa Dukani kwa Bachubhai

Mguu wa Bachubhai ukaukanyaga waya tena. Zehra akafumba macho, akangoja kishindo.

Kishindo hakikuja. Alipofumbua, mkwewe alikwishafika kaunta, kajikalia kitini, anajipepea.

Waya wenyewe ulikuwa ekstensheni nyeusi, nene kama kidole gumba. Ulianzia kwenye friji ya soda pale mlangoni, ukalikata duka katikati, baina ya marobota ya vitenge, mpaka kwenye soketi nyuma ya kaunta. Kila aliyeingia aliuruka. Bachubhai peke yake hakuuruka. Alivua ndala mlangoni, akaukanyaga pekupeku kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anayeukomoa.

Zehra alikuwa bi harusi wa juzijuzi katika nyumba ile. Mumewe, Danish, alishinda bandarini Nyamisati akipakia mizigo ya kisiwani Mafia, na alimwachia neno moja tu: "Mtazame Baba. Akianguka, duka nafunga, yeye namhamishia Dar kwa kaka." Bachubhai alizaliwa nyuma ya duka lile. Kumpandisha ghorofani Dar ni kumzika angali anapumua.

Na Zehra aliyajua maanguko. Mama yake, kule Tanga, alijikwaa kwenye waya wa feni, nyonga ikavunjika, na kitanda hakukiacha tena mpaka alipotolewa kwa jeneza. Ndiyo maana kila akisikia nyayo za mzee dukani, aliacha alichokishika, akachungulia.

"Baba, nimwite fundi auondoe?"

"Usiguse."

"Utaanguka, Baba."

"Umenikuta nao, utaniacha nao. Usiguse, bibie!"

Ukali ule ulimshangaza, maana Kibiti nzima inamsifu Bachubhai kwa upole na adabu. Na Kibiti si mji wa kuficha kitu. Pale barazani kwake wanawake wanajua nani kaachika kabla mwenyewe hajaambiwa. Dukani kwake hakuna kitenge bila salamu. Ingia kimya uone: hata usimame puani pake, hakuhudumii. Msalimie sasa: "Aa, Biasha! Mama hajambo?" Ukimuuliza rangi ipi itakupendeza, anacheka. "Macho unayo wewe, dada, mie nikuchagulie nini?" Yeye kazi yake kuipapasa pamba kwa vidole, akakwambia hiki kitachuja, hiki utamrithisha mjukuu.

Siku ya gulio, Mwantum wa Mtunda aliingia na mtoto mgongoni. Shingo alikuwa ameigeuza nje, anamalizia umbea na wenzake wa barazani. Kidole cha mguu kikanasa. Akaenda chini, magoti pu! Mtoto akaangua kilio, robota likaporomoka, na lile sanamu la plastiki lenye baibui, linalosimama kando ya mlango, likayumba nusura limwangukie. Zehra akapiga ukelele.

"Nani huyo? Nani kaanguka?" Bachubhai aliuliza, hata kitini hakuinuka.

Mwantum alikuwa chini, mbele ya miguu yake. Akajipangusa. "Mie hapa, Bachubhai, kwani umeona mzimu? Duka lako limeota mizizi!" Kisha akamgeukia Zehra. "Na wewe, mwambie huyo pacha wako asimame vizuri. Baibui mnavaa sare, adabu hamlingani!"

Barazani wakaangua kicheko. Zehra hakucheka. Alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili. Leo kaanguka mwenye mifupa yake. Kesho je?

Baada ya alasiri akaja Abbasi, rafiki wa mzee tangu wakiogelea uchi mtoni, kumpitia kwenda kahawani kama kila siku.

"Wee Bachu, hujafa tu?"

"Nangoja utangulie wewe, ukanitandikie."

Wakashikana mikono, wakaivuka barabara polepole, vidole vimefumana, kama wazee wa huku watembeavyo na marafiki zao. Zehra aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapinda kona. Kisha akampigia simu Swalehe, fundi umeme.

Swalehe hakukawia. Aliung'oa waya, akapitisha mwingine juu ukutani, ndani ya bomba la plastiki. Zehra akayasukuma marobota pembeni, akafagia, akapiga deki. Sakafu ikang'aa tupu kutoka mlangoni mpaka kaunta. Hapakuwa na cha kumkwaza hata sisimizi. Pumzi aliyoibana tangu aolewe ikamtoka. Akauviringa waya wa zamani mkononi, akasimama kimya kando ya kaunta. Alitaka mzee ajionee mwenyewe.

Abbasi alimwachia mwenzake mlangoni, akaenda zake. Bachubhai akavua ndala, akanyoosha mguu.

Mguu ukapapasa kulia. Ukapapasa kushoto. Ukarudi.

Zehra akatabasamu, akangoja asifiwe. Halafu akauona uso wa mkwewe, na tabasamu likamkauka. Hakuwahi kumwona Bachubhai akiogopa. Midomo ilimcheza. Jasho lilimtoka kipajini kama aliyesimamishwa ukingoni mwa kisima.

Mzee alipiga hatua moja, mikono mbele. Ya pili ikampeleka upande. Kiganja chake kikagusa baibui, nalo sanamu likatikisika. Akalishika mkono kwa nguvu, akalivuta karibu, akashusha sauti ili wa barazani wasisikie.

"Zehra, mwanangu," akaliambia sanamu, "njia yangu umeipeleka wapi?"