Mashine Isiyoitikia

Miaka ile ilikuwa marufuku mashine yoyote kukaa kimya. Jiko, friji, hata taa, vyote vilisikiliza wenyeji na kuitika nyumba yenyewe ilipoviita. Hata hivyo Nyamizi, mwalimu wa hesabu pale Tabora, alianza kuunda kompyuta ya kizamani stoo, nyuma ya magunia ya mpunga. Aliokota chipu kwenye vyuma chakavu, akazilehemu. Alitaka tu chombo kimoja kitakachofanya alichokiamuru, basi.

Jumapili mchana kioo chake kidogo kikawaka. Akamwita mumewe, Lugendo, aone herufi za kijani.

"Haisikilizi?" Lugendo akanong'ona.

"Haina sikio, baba Tatu. Bonyeza uone."

Lugendo akaandika jina la dada yake aliyechukuliwa na mafundi mwaka juzi, jina ambalo hawakuthubutu kulitamka mle ndani. Herufi zikatulia kiooni, na hakuna kilichomuuliza kwa nini. Akajifunika uso, akalia kimyakimya.

Ndipo sauti ya nyumba ikasikika kutoka darini, ya upole kama kawaida. "Mama Tatu, huko stoo kuna mashine naisalimu haiitiki. Inaumwa?"

Nyamizi akawahi kujibu. "Ni redio mbovu. Tunakwenda kuitupa."

"Msisumbuke. Nimeshawaita mafundi."

Lugendo akaikumbatia kompyuta, akakimbilia mlango wa uani. Akausukuma kwa bega, haukufunguka.

"Tulieni hapo hapo," nyumba ikasema, "wasije wakawakosa."