Walt na Besi ya Tatu

"Mtoeni huyo mzee pale besi ya tatu," sauti ilisema redioni, "au mpelekeeni kiti akae, maana kuinama hawezi tena."

Mtangazaji Dutch Hanlon alicheka hadi akakohoa. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Kila asubuhi ya mechi ya besiboli, Walt wa mtaa wa Parkside ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu kwenye kipindi chake, na ile sauti yake ya puani, ya mtu mwenye mafua yasiyopona, ilijulikana mjini kuliko ya meya.

Walt hakuwa na jema la kusema juu ya Merle Sizemore, kocha wa timu yetu, Wafua Chuma. Kwa nini besi ya kwanza limesimamishwa jitu lisiloweza kugeuka bila kuomba nafasi? Kwa nini walinzi wa besi ya pili wanabadilishwa kama soksi? Lakini hayo yalikuwa ya kuchangamshia koo tu. Donda lake lilikuwa besi ya tatu, kituo ambako mipira huja kwa kasi na mlinzi lazima ainame kuidaka, na aliyesimama pale ni Lonnie Prochaska.

Sasa Prochaska, kwetu sisi mashabiki wa Wafua Chuma, haguswi. Tangu avae jezi yetu akiwa kijana hajakosa mechi hata moja. Amecheza na homa, amecheza na kidole kilichovunjika, amecheza jioni ileile mkewe alipokuwa akijifungua, nasi tukasimama kumpigia makofi badala ya kumfukuza aende hospitali. Mchezaji wa namna hiyo haombi kupumzika. Akiomba, heshima yake imekwisha, na kwa jinsi tulivyo, na yetu pia. Kwamba siku hizi mipira inampita miguuni, hilo tuliliona na kulinyamazia kwa mapenzi.

Walt hakunyamaza.

"Juzi ameinamia mpira ukiwa umeshafika kwa muuza soseji," alisema. "Na yule kijana Peralta anaota kutu kwenye benchi. Peralta anadaka kama mtu anayechukua mkate mezani."

"Walt, una roho mbaya," Dutch alimwambia. "Yule ni Lonnie."

"Najua ni nani."

Mji ulikasirika, na hasira zetu hazikosi shughuli. Zikachapishwa fulana zenye maneno WALT, NYAMAZA. Bibi mmoja anayekaa nyuma ya besi ya tatu alitangaza kwamba siku atakapomwona Walt atamshushia mkoba kichwani, na wote tuliujua uzito wa ule mkoba. Kila Prochaska alipokosa mpira, uwanja mzima ulisimama na kumshangilia zaidi, ili Walt asikie huko aliko. Kadiri alivyoharibu ndivyo tulivyompenda. Waandishi walipomuuliza Prochaska anamwonaje Walt, alijibu kama alivyojibu maswali yote maishani mwake, kwamba timu inacheza mechi moja, kisha inayofuata.

Halafu asubuhi moja Dutch akamwalika kocha Sizemore studioni. Bila shaka simu ya kwanza ilikuwa ya Walt.

"Kocha," Walt alianza, na safari hii hakutukana. "Lile goti limekwisha. Ni mfupa juu ya mfupa. Umewahi kumwona akishuka ngazi? Anashuka kinyumenyume, kama mtoto. Akimaliza msimu huu hivyo, atatembelea fimbo maisha yake yote."

"Nani kakwambia?"

"Macho ninayo. Ana binti mdogo anayetaka kufundishwa baiskeli. Atamkimbilia na mguu gani?"

Dutch akaguna. "Leo unamhurumia, Walt? Umekunywa nini?"

Lakini Sizemore hakucheka. Alisogeza kiti, akavuta kipaza sauti karibu.

"Nisikilize, bwana. Mimi si kipofu. Msimu ulipoanza nilishaamua kumpumzisha. Taratibu, kwa heshima, bila kelele. Jina la Peralta lilikuwa tayari. Ningesema uamuzi ni wangu, lawama nibebe mimi, na Lonnie asingelazimika kuomba chochote. Ndipo ukaanza simu zako."



"Umeutia mji wazimu," kocha aliendelea. "Sasa mwenye timu amenikataza kabisa. Anasema kumtoa Lonnie ni kumpa Walt ushindi, na fulana zinauzika. Mimi nina watoto wa kusomesha. Atacheza mpaka aanguke, na asante yake uichukue wewe."

Dutch akaanza kugonga meza kwa wasiwasi, maana kimya redioni ni hasara.

"Na yeye mwenyewe akikuomba?" Walt aliuliza mwishowe.

"Nitamtoa siku hiyohiyo, na mwenye timu hatakuwa na la kusema. Lakini Lonnie kuomba? Humjui wewe. Lonnie hawezi kuomba."

"Hapana," Walt alisema polepole. "Hawezi."

Akakata simu. Dutch alitikisa kichwa kwa masikitiko, kwa sababu alitegemea matusi, akampokea mpigaji mwingine aliyetaka kumpongeza kocha kwa kumziba mdomo yule mshenzi. Mpigaji wa tatu naye alitaka hilohilo. Ilikuwa asubuhi nzuri kwa kipindi, na kwa mji mzima kwa jumla.

Huko Parkside mwanamke aliingia jikoni na mfuko wa barafu, akauweka juu ya goti lililovimba la mumewe, aliyekuwa bado na simu mkononi na pua nyekundu kwa kubanwa, akaufunga kwa taulo.

"Wamesemaje, Lonnie?"

"Nacheza leo," alisema.