Sentensi ya Mgeni

Siku ile mjinga alikuwa Mabrouk, na mwenyewe hakatai. Anachoomba tu ni asichekwe zaidi ya alivyokwisha chekwa.

Alasiri hiyo alikuwa kajinyoosha kwenye kochi, nyumbani kwake mtaa wa Ng'ambo, simu usoni, anapigania kazi. Hoteli moja ya Uroa ilitaka mtu wa mapokezi. Ustadh Nadir, mwalimu wao wa Kiingereza, aliahidi kumpeleka mwanafunzi mmoja tu: atakayelitumia sawasawa neno "lonely", lile la upweke wa moyo. Mabrouk, fundi makochi aliyekosa wateja tangu Ramadhani, alikwishanunua tai.

Darasa lenyewe lilikuwa ndani ya simu. Nambari hazionekani, na kila mtu kajipa jina la kubuni ili asione haya kukosea. Mabrouk alijiita Profesa. Wengine walikwishaanguka, alibaki yeye na mmoja anayejiita Mgeni.

Profesa aliandika kwamba jana alikwenda Darajani "lonely", yaani hakufuatana na mtu.

Mgeni aliandika kwamba anaishi na mumewe, na bado yeye mwenyewe ni "lonely".

Mabrouk alicheka mpaka kochi likalia.

"Kazija! Njoo ucheke! Kuna bibi huku hajui kuhesabu mpaka mbili!"

"Nna kazi," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Nshakuuliza, chai nikutilie tangawizi?"

Vidole vya Mabrouk vilikuwa mbioni.

"Mgeni, nyumba ina watu wawili," aliandika. "Hiyo lonely inaingilia mlango gani? Au mumeo marehemu?"

"Yu hai," Mgeni aliandika. "Na anakula vizuri."

Darasa likamwaga vicheko. Mabrouk hakupenda, vicheko vile alivitaka upande wake.

"Basi kasafiri."

"Hata dukani hafiki."

"Bubu?"

"Mbona anasema sana! Ila si na mimi."

"Mabrouk," Kazija aliita tena, sauti ya chini kidogo. "Kesho nnakwenda kwa daktari wa macho. Utanisindikiza?"

"Tia kidogo tu," alisema Mabrouk.

Jikoni kijiko kikagonga kikombe, kikatulia.

Ustadh Nadir akaingia kwa maneno machache: "Mmoja wenu kalijua neno, mmoja hakulijua. Nakaribia kuamua."

Mabrouk akakaa kitako. Aliiona Uroa inampita hivihivi, na kiyoyozi chake, na shati la kupiga pasi. Wana wa baraza alikwishawaaga! Akaandika kwa hasira, herufi zinapandana:

"Ustadh, usikubali! Huyu anatunga. Lonely ni mtu asiye na mtu. Mume yupo, anakula, anasema, halafu mke aje kutulilia hapa? Mgeni, kama si mwongo, mtaje huyo mumeo. Mtaje tumuulize mwenyewe, yupo ama hayupo!"

Mabrouk akaisubiri simu, akitabasamu. Simu haikulia.

"Mabrouk!"

"Naam!" aliitika, macho palepale kwenye kioo.

"Darasa linasubiri," alisema Kazija kutoka jikoni. "Upo, ama hupo?"